Jinsi ya kuithibitisha 2,147,483,647 kwa kalamu, daftari na kikokotoo cha shule

Namba 2,147,483,647 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Tanga wakiambiwa hivyo huandika daftarini na kugeuza ukurasa, kama vile wametajiwa mto mrefu kuliko yote Afrika. Tabia hiyo naipiga vita. Kwenye jiografia huna budi kumwamini aliyepima mto. Kwenye hisabati unaweza kukaa mezani ukahakikisha mwenyewe, na namba hii, pamoja na ukubwa wake, inahakikishika kwa vifaa alivyo navyo mwanafunzi yeyote wa sekondari. Nitaeleza njia ninayowafundisha, pamoja na sababu ya kila hatua. Hatua isiyo na sababu ni ya kukariri, na cha kukariri hakikai.

Ijenge kwanza

Usianze kwa kuinakili, ijenge. Ni 2 kipeo cha 31, toa 1. Kwa kuwa 2^10 ni 1,024, zidisha 1,024 kwa 1,024 upate 2^20, yaani 1,048,576. Zidisha tena kwa 1,024: 2^30 ni 1,073,741,824. Mara mbili yake ni 2,147,483,648. Toa 1. Isome kwa sauti: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Ina tarakimu 10, kwa hiyo inaenea kwenye kioo cha kikokotoo cha shule chenye nafasi ya tarakimu 10 bila kukatwa hata tarakimu moja, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuichagua.

Kwa nini 31? Kipeo kisipokuwa namba tasa, hakuna haja ya kuhangaika. 2^15 − 1 ni 32,767, na kwa kuwa 15 ni 3 × 5, lazima igawanyike kwa 2^3 − 1, yaani 7, na kwa 2^5 − 1, yaani 31. Jaribu: 32,767 = 7 × 31 × 151. Kwa hiyo kipeo sharti kiwe tasa. Lakini sharti hilo halitoshi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. 11 ni tasa, ila 2^11 − 1 ni 2,047, na 2,047 = 23 × 89. Ziweke 23 na 89 pembeni ya ukurasa, tutazihitaji sasa hivi.

Namba za umbo hili zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo vinavyozaa namba tasa hadi 257. Kwenye 31 alipatia. Kwenye 67 na 257 alikosea, na 61, 89 na 107 zilimpita. Orodha ya mtu msomi namna hiyo ilikuwa na makosa matano, na ilichukua karne kadhaa kuyaona yote. Ndiyo maana nasisitiza kuhakikisha.

Mpaka wa kutafuta

Kama namba ina vigawo viwili, kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili. 46,340 kipeo cha pili ni 2,147,395,600, bado iko chini ya namba yetu. 46,341 kipeo cha pili ni 2,147,488,281, imeshapita. Basi tukimaliza namba tasa zote hadi 46,340 bila kupata kigawo, kazi imekwisha.

Namba tasa hizo ni 4,792. Hapo lazima atokee mmoja aseme, "Mwalimu, tutagawanya zote hizo?" Hapana. Karibu zote tunaziondoa kabla ya kugawanya hata mara moja. Hapa ndipo penye utamu wa kazi nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vigawo vinavyoruhusiwa

Rudi kwa 23. Andika vipeo vya 2 kwa mfuatano, na kila namba ikizidi 23, weka baki tu: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Baada ya 1 mfuatano unaanza upya: 2, 4, 8... Hesabu urefu wa mzunguko: ni 11. Kumbuka kwamba 23 ni kigawo cha 2^11 − 1. Hiyo si bahati. Kusema 23 inaigawanya 2^11 − 1 ni sawasawa na kusema 2^11 inabakiza 1, na 1 ndipo mzunguko unapofungwa.

Sasa chukua namba tasa yoyote q inayodaiwa kuigawanya 2^31 − 1. Kwenye mfuatano wa q, nafasi ya 31 lazima iwe 1. Kwa hiyo urefu wa mzunguko unaigawanya 31. Lakini 31 ni tasa: urefu ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, kwani namba ya kwanza kwenye mfuatano ni 2. Basi urefu ni 31 kamili. Upande wa pili, mwanahisabati Mfaransa Fermat aligundua mwaka 1640 kwamba kwa namba tasa yoyote q isiyo 2, nafasi ya q − 1 kwenye mfuatano huwa 1. Kwa hiyo 31 inaigawanya q − 1. Tena q ni witiri, maana yake q − 1 ni shufwa. Ziunganishe: q − 1 inagawanyika kwa 62. Kila kigawo tasa cha namba yetu lazima kiwe na umbo la 62k + 1.

Simama hapo uangalie kilichotokea. Hatujagawanya chochote, na tayari 3, 5, 7, 11, 13, 17 na maelfu ya wenzao wameshaondoka. Hakikisha na mfano mdogo: vigawo vya 2,047 vilipaswa kuwa vya umbo la 22k + 1. 23 ni 22 + 1. 89 ni 88 + 1. Sawa kabisa.

Kuna chujio la pili. Kama 2^31 inabakiza 1, basi 2^32 inabakiza 2, na 2^32 ni 2^16 kipeo cha pili. Maana yake, mbele ya q (yaani ukigawanya kwa q na kutazama baki tu), 2 imekuwa baki la namba ya mraba. Jambo hilo hutokea tu kwa namba tasa ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Uthibitisho wake ni mrefu zaidi na siuweki hapa, ila unaweza kujionea kwa namba ndogo: mbele ya 7, 3 kipeo cha pili ni 9, baki 2, mbele ya 17, 6 kipeo cha pili ni 36, baki 2. Kwa 3, 5, 11 na 13 utatafuta hadi uchoke, hautapata.

Unganisha machujio mawili. 62k + 1 ikigawanywa kwa 8 hubakiza 1, 7, 5, 3 kwa zamu kadiri k inavyopanda kutoka 0. Tunabakiza mbili za mwanzo katika kila nne. Matokeo: q ni 248n + 1 au 248n + 63. Hadi 46,340 namba za maumbo hayo ni 373 tu, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo nazo zinakatwa. Zinazobaki hazifiki mia moja. Kutoka 4,792 hadi chini ya mia, kwa kufikiri tu.

Hivi ndivyo alivyofanya mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler. Mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na macho yake yakiwa yameshazimika karibu kabisa, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli kwamba amepita vigawo vyote vya maumbo hayo mawili na hakuna hata kimoja kinachoigawanya 2^31 − 1. Ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani, na ilikaa na cheo hicho hadi 1867.

Fanya mazoezi kwa 8,191

Kabla ya kuingia kwenye kazi kubwa, jaribu njia hii kwa 2^13 − 1, yaani 8,191. Kipeuo chake cha pili ni 90 na kitu. Vigawo lazima viwe vya umbo la 26k + 1: 27, 53, 79. 27 si tasa. 53 ikigawanywa kwa 8 inabakiza 5, nje. Imebaki 79. 79 × 103 ni 8,137, baki 54. Basi. 8,191 ni tasa, na tumegawanya mara moja tu. Wanafunzi wakiona hili kwa mara ya kwanza darasa hunyamaza, halafu mtu huomba nirudie ubaoni.

Jaribu pia upande wa pili, namba yenye vigawo, ili ujue njia yako inakamata. 2^29 − 1 ni 536,870,911. Umbo ni 58k + 1. Ukienda kwa utaratibu utaikuta 233, ambayo ni 58 × 4 + 1, na itagawanya bila baki. Namba nzima ni 233 × 1,103 × 2,089. Kama meza yako ya mahesabu haikuikamata 233, kuna kosa mahali. Litafute kabla ya kuendelea.

Sasa kazi yenyewe

Chora safu tatu: namba, je ni tasa, baki. Orodhesha maumbo mawili kwa kupokezana: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241, 1,303, 1,489 na kuendelea. Kata zisizo tasa. 63 ni 9 × 7. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, iache. 497 ni 7 × 71. 559 ni 13 × 43. 745 inaishia na 5. 807 na 993 zinagawanyika kwa 3. 1,055 inaishia na 5. 1,241 ni 17 × 73. 1,303 na 1,489 ni tasa. Umeona jinsi zilivyo chache: kati ya kumi na mbili za mwanzo zimebaki tatu.

Chukua 311. Kuna namna mbili za kupata baki. Ya kwanza ni ya kikokotoo: 2,147,483,647 ÷ 311, kioo kinaonyesha 6,905,092.113. Usiandike hiyo. Bila kufuta, toa 6,905,092, kisha zidisha kilichobaki kwa 311. Inatoka 35. Hilo ndilo baki.

Ya pili ni ya kalamu, na naipenda zaidi kwa sababu namba hazikui. 2^10 ni 1,024. Mbele ya 311 baki ni 91. 2^20 ni 91 × 91 = 8,281, baki 195. 2^30 ni 195 × 91 = 17,745, baki 18. 2^31 ni mara mbili yake, 36. Toa 1: baki 35. Namna zote mbili zimekubaliana, na kukubaliana huko ndiko kunakokupa haki ya kuandika 35 kwa wino.

Kwa 1,489 tumia hasi, utajiokolea jasho. 1,024 imepungua 465 kufika 1,489, kwa hiyo andika −465. Kipeo chake cha pili ni 216,225, baki 320. 320 × (−465) ni −148,800. Ongeza 148,900, ambayo ni 1,489 × 100, upate 100. Mara mbili ni 200, toa 1, baki 199. Kwa 1,303 ukifuata njia hiyohiyo utapata 226.

Endelea hivyo hadi 46,340. Ni kazi ya subira, inafaa kugawana. Nawapanga vijana wawili wawili, kila wawili na sehemu yao ya orodha, mmoja kwa kikokotoo na mwenzake kwa kalamu, na hawaruhusiwi kuonyeshana mpaka wote wamepata jibu. Baki sifuri haitatokea popote. Ikitokea, rudia, maana kuna mtu amekosea.

Njia ya pili kabisa, isiyotafuta vigawo

Édouard Lucas, Mfaransa, alitafuta swali tofauti la kuiuliza namba, na mwaka 1876 akathibitisha bila mashine kwamba 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. D. H. Lehmer aliirahisisha njia hiyo mwaka 1930. Kanuni ni fupi. Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, na weka baki mbele ya 2^p − 1. Baada ya hatua p − 2, ukipata 0, namba ni tasa. Usipopata 0, si tasa. Inafanya kazi kwa kila p witiri iliyo tasa.

Kwa p = 7, namba ni 127, hatua ni tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Hakikisha mwenyewe ile ya mwisho: 111 × 111 − 2 = 12,319 = 127 × 97. Kwa p = 11 mfuatano unakwenda 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Umeishia 1,736, si sifuri, basi 2,047 si tasa. Na angalia kwamba tumelijua hilo bila 23 wala 89 kutajwa popote. Hiyo ni nguvu ya njia hii na pia mpaka wake. Kwa 2^67 − 1 watu walikaa miaka wakijua si tasa bila kujua vigawo, hadi Frank Nelson Cole alipovitoa mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287.

Kwa namba yetu hatua ni 29. Nne za mwanzo ni nyepesi: 4, 14, 194, 37,634, kisha 1,416,317,954. Kuanzia hapo kikokotoo cha shule kinazidiwa, kwa sababu mraba wake una tarakimu 19. Ukitaka kwenda kwa kalamu, kuna mkato mzuri: kugawanya kwa 2^31 − 1 hakuhitajiki. Gawanya kwa 2^31, kisha jumlisha jibu na baki, kwa kuwa mbele ya namba yetu 2^31 ina thamani ya 1 tu. Inayofuata itakuwa 669,670,838. Zilizobaki naziachia kompyuta, kwa programu ya mistari michache, ila ile ya mwisho naifanya ubaoni. Baada ya hatua 28 utakuta 65,536, yaani 2^16. Mraba wake, toa 2, ni 4,294,967,294. Hiyo ni mara mbili ya 2,147,483,647, kamili. Baki sifuri.

Mengine ya kuichunguza ukishaithibitisha

Iandike kwa mfumo wa namba mbili: ni 1 thelathini na moja mfululizo, hakuna sifuri. Ndiyo maana ni namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye hesabu za kompyuta za biti 32 zenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki saa 12 na dakika 14 asubuhi. Mfumo ambao haujarekebishwa utaruka na kurudi mwaka 1901.

Izidishe kwa 2^30 upate 2,305,843,008,139,952,128. Jumlisha vigawo vyote vya namba hiyo isipokuwa yenyewe, utairudia ileile: ni namba kamilifu, kama 6 na 28. Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hakuna atakayehangaika kutafuta kubwa kuliko hiyo kwa kuwa hazina matumizi. Leo kubwa inayojulikana inatokana na 2^136,279,841 − 1, namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, na iliyothibitishwa kwa mfuatano uleule unaoanza na 4.

Rudi kwa 2,147,483,647, toa 1 uone kilicho chini yake: 2,147,483,646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Zile 7, 31 na 151 ni zilezile za 32,767 hapo juu, na ukiandika 2,147,483,646 kama 2 × (2^15 − 1) × (2^15 + 1) utaona zilikotoka. Majirani zake tasa ni 2,147,483,629 kwa chini na 2,147,483,659 kwa juu. Na mbele yake mzunguko wa vipeo vya 2 una urefu wa 31 tu, wakati vipeo vya 7 vinapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Kwa sababu hiyo 7^5, yaani 16,807, imetumika kwa miaka mingi kutengeneza namba za bahati nasibu kwenye kompyuta.

Zoezi la nyumbani ni 2^17 − 1, yaani 131,071. Kipeuo cha pili ni 362, umbo ni 34k + 1. Ukichuja vizuri utabaki na 103, 137 na 239. Mabaki ni 55, 99 na 99. Usishtuke 99 kutokea mara mbili na kudhani umenakili vibaya: 130,972 ni 4 × 137 × 239, kwa hiyo namba zote mbili zinasimama mahali pamoja, hatua 99 kabla ya 131,071.